Mgongo wa Shofere na Mizigo ya Moyo Wake

Kila katekista wa Uvira ameisikia lawama hii: wanaume hawaonekani tena katika shirika. Ukitaka kujua wako wapi, shuka barabarani. Utawakuta juu ya moto kwenye njia panda za Nyamianda na Mulongwe, utawakuta ndani ya taksi zinazongoja wasafiri wa mpaka kule Kavimvira, utawakuta juu ya kamyo zinazopakia Kalundu. Jioni hurudi nyumbani wakajilaza chini, na neno lao la kwanza ni hili: mgongo. Twataka kueleza hapa mgongo huo ni nini, na kwa sababu gani mtu anayesema "mgongo" mara nyingi anasema pia jambo lingine ambalo hana jina lake. Padri na katekista wakilifahamu hilo, watawasaidia watu wengi wanaotangatanga sasa toka duka la dawa mpaka nyumba ya mfumu, na feza zao zinakwisha njiani.

Namna mwili unavyochoka

Uti wa mgongo ni mifupa midogo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, na kati ya mfupa na mfupa mna kipande laini kama mpira. Katika mtu mzima damu haiingii ndani ya vipande hivyo. Chakula chao hupita polepole mtu anapojisogeza, anapotembea, anapolala kisha kusimama. Mtu akiketi masaa kumi ameinama mbele, vipande hivyo vinabanwa bila kupumzika na kupungukiwa chakula chao. Mkulima hutumia nguvu nyingi kuliko shofere, lakini hubadili namna ya kusimama kila mara. Shofere amefungwa mahali pamoja.

Tena kuna mtikisiko. Kila kitu kina mwendo wake ambao kikitikiswa nao kinaitikia kwa nguvu, kama ngozi ya ngoma iliyokazwa vema. Kiwiliwili cha mtu aliyeketi huitikia zaidi kikitikiswa mara 4 hadi 6 kwa sekunde moja. Sasa mashimo na mawe ya njia mbovu, pamoja na amortiseri zilizochoka, hukitikisa kiti mara nyingi kwa mwendo ulio karibu na huo. Nyama za mgongo hujikaza ili kuilinda mifupa, hujikaza tena na tena, kutwa, na usiku zinakataa kulegea. Anayesafiri toka Uvira mpaka Kamanyola, kisha akapanda mlima wa Ngomo kuelekea Nyangezi na Bukavu, anajua tunasema nini. Na yule anayeteremka Makobola na Mboko mpaka Baraka anajua zaidi. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba na kuua watu, ukaharibu na njia. Miaka ile ile maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia katika mitaa ya pwani. Watu walihesabu nyumba zilizoanguka, na walifanya vema. Migongo iliyopita siku zile kati ya maji na mawe haikuhesabiwa na mtu.

Motari ana taabu yake ya pekee. Kiti cha moto kilifanywa kwa ajili ya watu wawili. Akipakia wateja wawili na gunia moja la muhogo, yeye mwenyewe husukumwa mbele mpaka juu ya tanki la esanse, mgongo umepindika, mabega yameinuka. Viganja vyake hufa ganzi kwa kushika mkono wa moto unaotetemeka. Konvoyeri naye hulala juu ya magunia katika baridi ya usiku. Huko London, mwaka 1953, mganga Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba mashofere wa bisi, walioketi siku nzima, walishikwa na ugonjwa wa moyo kuliko makonvoyeri wao, ambao walipanda na kushuka ngazi za bisi ya gorofa siku nzima. Konvoyeri wetu hana ngazi za kumponya. Faida hiyo haimfikii.

Wengi husema: "Mafigo yananiuma." Mara nyingi si mafigo. Mafigo yakaa juu, chini ya mbavu za nyuma. Yakiugua, mara nyingi homa hupanda, mkojo hugeuka, na maumivu hayapungui mtu akijigeuza. Mgongo wa barabara huuma chini, kiunoni. Huzidi mtu akiinama au akiketi sana, hupungua akitembea kidogo. Lakini tusilizarau neno la mafigo kabisa. Shofere anayekataa kunywa maji mchana kutwa, ili asisimamishe gari kwa kukojoa, katika joto la bonde la Ruzizi, aweza kupata mawe ya mafigo kweli.

Kuna dalili ambazo hazingoji kesho. Mtu mwenye mgongo akiona miguu inalegea, au anakufa ganzi katikati ya mapaja, au mkojo na choo vinamtoka bila kujua, apelekwe hospitali siku ile ile. Na yule ambaye mgongo unamuuma usiku na mchana, anakonda, anatoka jasho usiku, ana homa ndogo isiyoisha, apimwe kifua kikuu, kwani ugonjwa huo waweza kula mifupa ya mgongo hata kama hakohoi. Hao si wengi. Walio wengi mgongo wao hauna kidonda cha hatari, na hapo ndipo swali letu linapoanza: kama hakuna kidonda, mbona maumivu hayaishi?

Mlango wa maumivu

Zamani wataalamu walizani maumivu ni kama kamba ya kengele: ukivuta chini, kengele yalia juu, ukivuta zaidi, yalia zaidi. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walieleza kwamba sivyo. Ndani ya uti wa mgongo mna kama mlango. Habari ya maumivu ikitoka mguuni au kiunoni hupita katika mlango huo kabla ya kufika kichwani, na kichwa chenyewe chaweza kutuma amri kuufunga au kuufungua. Hofu, gazabu, kukosa usingizi na upweke huufungua wazi. Utulivu, kujinyosha, mkono wa mtu anayekusugua, shuguli inayopendeza, huufunga kidogo. Mafundisho yao yamesahihishwa tangu hapo katika mambo mengi, lakini neno kubwa limebaki: maumivu ya mwili na hali ya moyo hupita njia moja.

Tena maumivu yakidumu zaidi ya miezi mitatu, mishipa yenyewe huzoea kulia. Fikiri mbwa aliyeshituliwa na mwizi: mwizi amekwenda zamani, mbwa anabweka mpaka asubuhi, na jani likianguka anabweka tena. Mwenye mgongo wa namna hiyo hasemi uongo. Maumivu yake ni ya kweli kabisa. Kumwambia "ni mawazo tu" ni kumwonea.

Na kinyume chake ni kweli pia: moyo ukiugua, mwili ndio unaosema. Mwaka 1999 jarida kubwa la waganga wa Marekani lilitoa uchunguzi uliofanywa katika inchi 14, mmojawapo Nigeria. Watu 1,146 walionekana kuwa na ugonjwa wa huzuni kubwa. Kati yao, 69 kwa mia moja walikuwa wamekuja kwa mganga wakitaja maumivu ya mwili peke yake. Hawakusema "nina huzuni". Walisema kichwa, tumbo, kiuno, uchovu. Je, si luga ile ile tunayoisikia sisi? "Nasikia kichwa kinawaka moto." "Nasikia kama vidudu vinatembea mwilini." "Mwili umelegea." Mwanaume wa kwetu amefundishwa tangu utoto kwamba machozi si yake, lakini hakuna aliyemkataza kuwa na mgongo.

Ugonjwa wa huzuni una alama zake. Mtu huamka saa tisa ya usiku asilale tena. Chakula hakina ladha. Vitu alivyovipenda, kama mpira au kwaya, havimwambii kitu. Anasahau, anakasirika bure, anapiga watoto, anakunywa zaidi. Mambo hayo yakidumu majuma mawili au zaidi, kila siku, si tabia mbaya tu. Kwa wanaume gazabu na pombe huficha huzuni mara nyingi, na hapo ndugu huanza kunong'ona: "Ametiliwa karuho." Watamtafuta aliyemroga, watamtuhumu jirani au mke, na mgonjwa atapata mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Mtu anayeamriwa na wote

Kwa nini basi mashofere? Mwaka 1979 Robert Karasek, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba kazi nzito peke yake haivunji mtu upesi. Inayovunja ni kazi inayodai mengi na kumwachia mtu uwezo mdogo wa kuamua. Tumtazame motari wetu kwa neno hilo. Moto si yake mara nyingi. Kila jioni hana budi kumpelekea mwenye moto feza iliyopatanwa, ndiyo watu huita versement, na feza hiyo haijui mvua, haijui ugonjwa wa mtoto, haijui siku ambayo polisi wa rulaje wamemzuia. Inayozidi ndiyo chakula chake. Isipozidi, amefanya kazi bure. Ikipungua, amelala na deni. Mteja anamharakisha, polisi anamsimamisha, esanse inapanda bei, na yeye hana neno la kusema katika lolote kati ya hayo.

Juu ya vizuizi vya njiani tuna hesabu. Mwaka 2017 wachunguzi wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu katika Kivu zote mbili bariyeri 798, na 486 kati yake zilikuwa Kivu ya Kusini. Nyingine ni za askari, nyingine za watu wenye silaha, nyingine za watoza kodi. Shofere hukaribia kila mojawapo akiwa hajui atadaiwa nini, atatukanwa au atapigwa. Mwili haungoji kujua: moyo hupiga mbio, nyama hukaza, tumbo hujifunga. Bariyeri moja yapita. Bariyeri kumi kwa siku, kwa miaka, hufundisha mwili usilegee hata kitandani.

Jambo hili lilipimwa vizuri huko San Francisco. Niklas Krause na wenzake waliwafuata mashofere 1,449 wa bisi na tramu za mji ule muda wa miaka mitano, wakatoa habari mwaka 1998. Waliona kwamba uzito wa kazi, yaani masaa mengi ya kuendesha, uliharibu migongo. Hakuna wa kushangaa. Lakini waliona pia kwamba madai makubwa, ugomvi wa kila siku kazini na kukosa msaada wa wakubwa viliharibu migongo kwa nguvu yao wenyewe, mbali na masaa ya kuendesha. Na wale walikuwa na mshahara, barabara za gudro na hospitali.

Kwetu kuna na yale ambayo macho yameona. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, kamyo ya esanse ilipinduka, mafuta yakamwagika, moto ukawaka, watu zaidi ya 200 wakateketea, wengine wakiwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Shofere wa njia hii hupita Sange kila safari, naye anabeba wakati mwingine mafuta yale yale. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na Desemba 2025 wakaingia Uvira. Katika miezi ile waliokimbia walibebwa na nani, kama si mashofere na wamotari na wenye mitumbwi? Tena kuna yule aliyegonga mtoto. Huenda kosa halikuwa lake. Huenda alikimbia kwa kuogopa mawe ya watu. Tangu siku ile anauona uso wa mtoto akifumba macho, anashituka mlio wa breki ukisikika, anazunguka mbali ili asipite mahali pale. Tangu 1980 waganga wana jina la ugonjwa huo na wanajua kuutibu. Yeye hana jina, ana mgongo tu, na chupa ya kanyanga.

Dawa na mashauri

Tuseme kwanza juu ya dawa za duka, kwani hapo hatari ni kubwa. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza kweli, lakini zikimezwa kila siku na tumbo tupu huchoma tumbo mpaka damu, na kwa mtu asiyekunywa maji huumiza mafigo. Basi yule aliyeogopa mafigo aweza kuyaharibu kwa dawa yenyewe. Deksametazoni, ile ndogo inayosifiwa kwamba inanenepesha na kuondoa maumivu yote, hupandisha sukari ya damu na kulegeza mifupa, na aliyeizoea muda mrefu asiikate gafula bila mganga. Tramadoli ni ndugu ya afyuni: humfunga mtu, humzungusha kichwa akiwa njiani, yaweza kumletea kifafa. Parasetamoli ni pole zaidi, lakini mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku moja, na mnywaji wa pombe ajizuie chini ya hapo.

Waganga wa zamani walimwambia mwenye mgongo alale majuma mawili. Wa leo wanasema kinyume: apumzike siku moja au mbili kama inambidi, kisha atembee. Ashuke garini kila baada ya masaa mawili, ajinyoshe, akojoe, anywe maji. Amortiseri zitengenezwe, matairi yasijazwe kupita kiasi, kiti kiwekewe blanketi iliyokunjwa. Gunia liinuliwe karibu na mwili, kwa magoti, si kwa kiuno. Ni mambo madogo. Yanasaidia kuliko sindano nyingi.

Mkristu mwingine atauliza: je, si vema kuvumilia? Tarehe 24 Februari 1957 Baba Mtakatifu Pio XII aliwajibu waganga wa usingizi wa Italia swali la namna hiyo. Alisema mkristu hana sharti la kuyatafuta maumivu kwa maumivu, na kwamba ni halali kuyazuia na kuyatuliza kwa dawa. Tusimfundishe basi shofere kwamba kukataa matibabu ni utakatifu.

Sasa wewe, Bwana Katekista, au wewe mwana seminari uliye likizoni, mtu akikuambia mgongo, umsikilize mgongo kwanza. Uulize umeanza lini, unauma saa gani, anakunywa dawa gani. Kisha uliza: unalala? Unaamka saa ngapi? Deni la mwenye moto limefika wapi? Mambo hayo matatu hufungua kinywa kuliko swali la "una shida gani?" Usiharakishe kumwombea mbele ya watu, wala kumpa novena kabla hajamaliza kusema. Ukiona huzuni nzito, muulize bila kuficha: "Kuna siku unaona afazali kufa?" Wengi huogopa kuuliza wakizani watatia wazo ambalo halikuwamo. Sivyo, anayeliwaza hupata nafasi ya kupumua, na asiyeliwaza hujibu hapana. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na vitu vya kujidhulumu navyo viondolewe nyumbani, kuanzia sumu ya panya na dawa za shamba. Katekisimu ya 1992 yafundisha, namba 2282, kwamba uchungu mkubwa na ugonjwa wa akili hupunguza lawama ya aliyejiua; ni vema kuikumbuka siku ambayo familia inakuja kuuliza kama padri atamzika.

Katika kuungama padri atasikia mengi ya ulevi na gazabu. Zambi ni zambi. Lakini yule asiyelala tangu mwezi mzima ahitaji pia mganga, na padri aweza kumwambia hivyo bila kumpunguzia toba. Juu ya Jumapili, mimi naona tungefanya vema kusema na wenye moto kabla ya kusema na wamotari. Mwenye moto anaketi kanisani mbele, na versement ya Jumapili inamngoja nyumbani.

Wamotari wenyewe wana likelemba zao. Mahali ambapo likelemba inaweka fungu kidogo kwa ajili ya mgonjwa, motari aweza kukaa nyumbani siku tatu bila kulala na deni, na siku hizo tatu mara nyingi zatosha kuzuia mgongo usiwe wa mwaka. Shirika laweza kuanza hivyo bila kungoja msaada wa mbali.

Kwa ugonjwa mzito wa akili, milango inayojulikana ni SOSAME kule Bukavu na hospitali ya Kamenge kule Bujumbura, ambazo Ndugu wa Mapendo wanazihudumia. Lakini Desemba 2025 mpaka wa Kavimvira ulifungwa, na njia ya Bukavu ilikuwa vitani: milango yote miwili ilikuwa mbali gafula. Kwa hiyo mengi yategemea sentre ya afya ya karibu. Tangu 2008 Shirika la Afya la Dunia lina mpango uitwao mhGAP wa kuwafundisha wauguzi wa kawaida namna ya kutambua na kutibu huzuni, kifafa na ulevi, bila kungoja mtaalamu. Muulize muuguzi wa mahali pako kama amepata mafundisho hayo. Kama amepata, mwandikie shofere wako jina la muuguzi na siku ya kazi yake katika karatasi ndogo, na umsindikize mara ya kwanza, saa ya asubuhi kabla hajawasha moto.